Mikunde ya Unyamwezi na kamera iliyoshindwa na joto

Mwaka 1860 mvumbuzi Kapteni James Augustus Grant alishuka Unguja akiwa na kamera. Zama hizo picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilipaswa kusafishwa papo hapo, ndani ya kihema chenye giza, kabla dawa haijakauka. Unguja alifanikiwa kupiga picha kadhaa. Lakini msafara ulipoiacha pwani na kuelekea bara, mkuu wake wa safari, John Hanning Speke, aliona kwamba joto la ndani ya kile kihema lingemmaliza mwenzake mapema. Kazi ya picha ikasimamishwa, na Grant akashika penseli na rangi za maji.

Ndivyo ilivyokuwa hata Januari 1861, walipoingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara ambayo leo yamo ndani ya eneo la Tabora, na kupokewa na Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi aliyekuwa mwenyeji wa wageni wengi wa njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Grant alikuwa na daftari la michoro, na alikuwa na karatasi za kukaushia mimea. Njia nzima alichuma matawi, maua na maganda ya mbegu, akayabana na kuyaandikia mahali yalikotoka. Mimea hiyo ilifika Kew, bustani kuu ya mimea ya Uingereza, na mtaalamu wa huko Daniel Oliver akaiandikia kazi kubwa iliyochapishwa na Jumuiya ya Linnaeus ya London kati ya 1872 na 1875. Michoro ya Grant imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua ni mimea gani ilichanua kandokando ya njia ya misafara zaidi ya miaka 160 iliyopita ana pa kuanzia, ingawa lazima aanzie Ulaya. Mimi nina hoja nyingine. Kamera iliyomshinda Grant leo imo mfukoni mwa kijana wa bodaboda pale stendi ya Tabora, na haihitaji kihema wala dawa. Na mimea yenyewe, hasa ile ya jamii ya mikunde, bado iko pale pale, mashambani na porini, ikichanua kila mwaka bila mtu wa kuiangalia.

Nasema mikunde kwa sababu ndiyo inayoitawala nchi hii ya Unyamwezi, inayouzunguka mji wa Tabora. Jamii hiyo inakusanya kunde, maharage, karanga, choroko, mbaazi, njegere na njugumawe. Inakusanya pia mninga, mpingo, mkwaju, na miti yenyewe ya miombo inayofunika wilaya za Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba frasila mbili za pembe kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo alipumzika chini ya mti wa jamii hii, akala nafaka kwa mboga ya jamii hii. Sidhani kuna ukoo mwingine wa mimea uliofungamana na historia ya magharibi mwa Tanzania kiasi hicho. Wageni wanaokwenda Kwihara, karibu na Tabora, kuiona nyumba aliyokaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872 huonyeshwa miembe, na ni sawa, kwa kuwa miembe ni alama ya njia ya misafara. Shamba la njugumawe lililo jirani hakuna anayewaonyesha.

Ua la mikunde ya shambani lina umbo ambalo ukishalijua hutalisahau. Lina petali tano. Moja kubwa imesimama nyuma, nayo huitwa bendera. Mbili za pembeni ni mabawa. Mbili za chini zimeungana zikawa mkuku, na ndani ya mkuku ndimo zilimofichwa sehemu za uzazi wa ua. Mdudu mzito akitua juu ya mabawa, mkuku hushuka, na chavua humpaka tumboni. Ukiuinamia mmea wa fiwi uliochanua, ukavumilia kidogo, utawaona nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa boriti za nyumba, wakiifanya kazi hiyo ua baada ya ua. Ni picha ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuipata, mradi asiwe na haraka.

Fiwi ndiyo ningemshauri mpigapicha aanze nayo. Hutambaa juu ya uzio au hupandishwa kwenye mti, maua yake ya zambarau au meupe husimama kwenye shina refu juu ya majani, na maganda yake mengine hubeba rangi ya zambarau pia. Ua lake haliko chini wala halijifichi. Lipige kwa ubavu, si kwa mbele, ili bendera, bawa na mkuku vionekane vyote vitatu kwa pamoja. Simu yako ishushe hadi ilingane na ua. Ukipiga kutoka juu ukiwa umesimama utapata majani mengi na doa la rangi katikati, nayo ndiyo picha inayojaa kwenye simu za watu wengi.

Kunde ina masharti zaidi, kwa kuwa ua lake hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limekwisha kunyauka. Anayekwenda shambani saa saba mchana baada ya chakula atarudi akisema kunde haina maua. Aende mara jua linapochomoza, umande ungali kwenye majani, jua likiwa bado chini na mwanga ukitoka pembeni. Mwanga huo wa pembeni ndio unaoonyesha mishipa ya petali. Saa nne ikishapita, jua la Tabora linakuwa la utosini, rangi ya zambarau ya kunde inapauka, na vivuli vinakuwa vyeusi kupita kiasi. Hapo ndipo mwenzako asimame na kanga nyeupe au kipande cha boksi jeupe kurudishia mwanga upande wenye giza.

Karanga nayo huchanua asubuhi, ua dogo la manjano lililo karibu na ardhi. Watu wengi wamekula karanga maisha yao yote bila kujua mambo yanayofuata baada ya ua hilo kunyauka. Chini ya ua hutoka kijiti chembamba, kinainama, kinakua kuelekea chini hadi kinatoboa udongo, na ncha yake ikishazama gizani ndipo ganda linapoanza kuvimba. Tunda linazaliwa juu na kwenda kukomaa chini. Ukilala kifudifudi kwenye tuta na kufukua udongo taratibu kwa kidole, unaweza kupiga katika picha moja ua lililo wazi, kijiti kinachoshuka, na ganda changa lililokwisha kuzama. Kwa mwalimu wa baiolojia picha hiyo ingetosha kipindi kizima.

Njugumawe hufanya jambo linalofanana na hilo, ila yenyewe ni mzaliwa wa Afrika, wakati karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Ua la njugumawe ni dogo na la rangi ya manjano hafifu, limejificha chini ya majani, na sijaona mmea mgumu zaidi kuupiga picha katika jamii hii yote. Uzuri wake mkubwa uko kwenye mbegu: nyeupe, nyekundu, nyeusi, za madoadoa, zenye jicho jeusi na zisizo nalo. Katika kikapu kimoja cha mama wa shambani zinaweza kuwemo rangi nyingi, na kila rangi ni mbegu ya namna yake iliyochaguliwa na kutunzwa kwa vizazi. Zitandaze kwenye ungo kivulini, piga kutoka juu, kisha muulize mwenyewe kila moja anaiitaje. Jibu lake liandike, maana lina thamani kuliko picha.

Ukishamaliza maua, ng'oa mmea mmoja wa kunde kwa upole uangalie mizizi. Utakuta vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa kucha. Kama ndani ni cha waridi, mmea uko kazini: bakteria waliomo wanaichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Kama ni cheupe au kijivu, hakuna kazi inayofanyika. Udongo mwingi wa Unyamwezi ni wa kichanga na huchoka upesi, na kazi hii ya vinundu ndiyo sababu ya kisayansi ya hekima ya wakulima kuchanganya au kubadilishana mahindi na karanga, kunde au njugumawe. Kule Peramiho, mkoani Ruvuma, watawa Wabenediktini walilihimiza kwa miaka mingi zao la marejea, nalo ni mkunde wenye maua ya manjano, kwa ajili ya kurutubisha mashamba. Jamaa za marejea huota zenyewe kando ya barabara za Tabora. Watu wanazifyeka kama magugu.

Nimezungumzia mashamba, lakini porini kuna makubwa zaidi. Miti mikuu ya miombo, mtundu na muba, ni mikunde, ingawa maua yake hayana bendera wala mkuku na ni madogo mno kuvutia jicho. Macho yavutwe na majani. Kati ya Agosti na Oktoba, kabla hata tone la mvua halijaanguka, miti hiyo huchipua majani mekundu, ya shaba na ya waridi, na msitu mzima hubadilika sura kwa majuma machache kabla haujawa wa kijani. Msafiri wa treni ya Reli ya Kati anayeingia Tabora majira hayo hupita katikati ya rangi hizo. Baadaye maganda magumu ya miti hiyo hukauka, hujikunja, na hupasuka kwa kishindo huku yakirusha mbegu mbali. Ukikaa kimya mchana wa jua kali katika pori la Sikonge utayasikia.

Kuna jina la kukumbuka hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mjerumani Richard Böhm aliishi Kakoma, kusini mwa Tabora, na kuzunguka nchi ya Ugalla akikusanya na kuchora viumbe. Alifia Katanga mwaka 1884 akiwa bado kijana. Mojawapo ya miti ya miombo inaitwa kwa jina lake katika sayansi, Brachystegia boehmii. Wanyamwezi waliokuwa wakiujua mti huo, wakichuna gome lake kwa kamba na kwa mizinga ya nyuki, hawakuingia katika jina hilo la kisayansi.

Mizizi ya miombo hiyo ina siri nyingine. Tofauti na kunde, mitundu haitegemei vinundu. Imeshirikiana na kuvu wanaoizunguka mizizi na kuiletea maji na madini, na kuvu hao ndio wanaotoa uyoga mvua za kwanza zinaponyesha. Uyoga unaouzwa kwenye mafungu kando ya barabara wakati wa masika ni zao la mikunde ya msituni. Asali ya Tabora ni hivyo hivyo, kwa sehemu kubwa: nyuki huitoa kwenye maua ya muba, mtundu na jamaa zao. Si ajabu kwamba taasisi ya mafunzo ya ufugaji nyuki ipo Tabora. Mtu anayekata muba anakata mzinga wa jirani yake.

Kisha kuna mninga. Karibu kila nyumba ya uwezo nchini ina kitanda au mlango wa mninga, lakini ni wangapi wameliona ua lake? Hutoka mwishoni mwa kiangazi, la manjano ya dhahabu, lenye umbo kamili la ua la njegere, kwa vishada vingi juu ya matawi ambayo mara nyingi hayajapata majani. Halidumu siku nyingi. Tunda lake ni bapa la mviringo lenye bawa jembamba pande zote na miiba laini katikati, na hubaki mtini miezi mingi. Ukikosa ua, piga tunda dhidi ya anga.

Sasa nifike Urambo, maana huwezi kuandika juu ya mikunde ya magharibi ukaipita. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 tume ya John Wakefield ilipita Tanganyika na kupendekeza karanga zilimwe kwa mashine kwenye eneo kubwa mno, mamilioni ya ekari, na mwaka 1947 kazi ikaanza. Sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mbili za kwanza zilikuwa katika ukanda wa njia ya zamani ya misafara. Matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki, viliingia porini. Miombo ilikataa kung'oka kirahisi. Mvua ilikosekana, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu, vipuri vilichelewa. Januari 1951 serikali ya London iliuachilia mbali mpango huo na kufuta hasara ya pauni milioni 36.

Kinachoniuma katika habari hiyo si fedha za Waingereza. Mikunde mikubwa ya msituni iliangushwa ili kupanda mkunde mdogo ambao wakulima wa Unyamwezi walikuwa wakiulima tayari kwa jembe la mkono, na hakuna aliyewauliza wanaulimaje. Mashamba yaliyosafishwa Urambo yakageuzwa kuwa ya tumbaku, na tumbaku ikaenea mkoa mzima. Tumbaku ya kukausha kwa moto inakula kuni, na kuni ni miombo. Picha za Urambo zilizopo katika kumbukumbu nyingi ni za mashine. Za ua la karanga sijapata kuziona.

Dawa ya tatizo la kuni nayo ilitafutwa ndani ya jamii hii hii. Watafiti wa Kituo cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, wakishirikiana na shirika la utafiti wa kilimo mseto ICRAF, walijaribu kupanda mikunde inayokua haraka, kama Acacia crassicarpa kutoka Australia na Papua, ili mkulima apate kuni za kukaushia tumbaku shambani kwake na wakati huo huo udongo upumzike. Ni wazo zuri, na lingestahili kupelekwa mbali zaidi ya lilipofika.

Yupo msomaji atakayeuliza juu ya ile njegere ya maua yenye harufu nzuri, Lathyrus odoratus, inayopendwa sana na wapanda bustani wa Ulaya. Asili yake ni Sicily. Mtawa Francesco Cupani aliituma mbegu yake Uingereza mwaka 1699. Tabora unaweza kuijaribu, ukijua inapenda baridi. Loweka mbegu usiku mmoja, panda Mei mvua zikishakatika, mwagilia asubuhi, weka kamba au fito ya kupandia. Chagua mbegu za aina inayochanua mapema, kwa sababu aina za kiangazi cha Ulaya hungoja siku ndefu, na hapa, nyuzi tano kusini mwa Ikweta, mchana haupiti sana saa 12. Joto la Septemba likifika, itakauka. Na mbegu zake zina sumu, kwa hiyo watoto wafundishwe kuzitofautisha na njegere za chakula.

Mimea hiyo ya Ulaya ina heshima yake. Mtawa Gregor Mendel alianza majaribio yake ya njegere huko Brno mwaka 1856. Novemba ya mwaka uliofuata mvumbuzi Richard Burton na Speke wakaingia Kazeh kwa mara ya kwanza, wakipitia Tura, Rubuga na Kigwa. Mtawa aliyekaa bustanini akihesabu njegere za mviringo na zilizokunjamana aligundua kanuni za urithi, kwa kuangalia tu kwa makini na kuandika. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Bateson na Reginald Punnett wa Cambridge waliendeleza elimu hiyo kwa kutumia njegere ya maua. Wote walianza na mmea uliokuwa karibu nao. Kwetu mmea ulio karibu ni kunde, ni fiwi, ni njugumawe.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa wasomaji wa Tabora, na wa njia yote kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, njia ambayo tangu 2006 imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Kila mkunde unaoupiga, piga picha nne: mmea mzima, jani, ua kwa ubavu, na ganda au mbegu. Washa kipimo cha mahali kwenye simu. Andika tarehe, kijiji, na jina la mmea kama linavyotamkwa na mwenye shamba, Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha au Kiswahili. Picha isiyo na jina, tarehe na mahali haimsaidii mtafiti yeyote. Mimea iliyobanwa na Grant inatumika hadi leo kwa sababu aliandika alikoichuma.

Walimu wa sayansi wa shule za Tabora wanaweza kuifanya kazi hii iwe ya klabu ya wanafunzi kwa mwaka mzima, toka majani mekundu ya Septemba hadi mavuno ya njugumawe. Nakala zipelekwe Tumbi, na kwenye herbaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na aliye na mbegu za njugumawe za rangi zisizoonekana tena sokoni asiishie kuzipiga picha tu: gao moja la mbegu hizo alipeleke kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Arusha, iliyo na benki ya taifa ya mbegu, na lingine alipande Desemba.